Linus Pauling: mutu aliyetafuta ugonjwa wa SS ndani ya umbo la protini

Kuna jamaa huku kwetu ambamo mtoto wa SS, ni kusema drepanositozi, angali anasemewa uchawi. Jibu la kisayansi lilitoka mwaka wa 1949, Marekani, kwa Linus Pauling na wenzake.

Pauling alizaliwa 1901, Portland, mu jimbo la Oregon. Baba yake, muuza dawa, alikufa mtoto akiwa na miaka 9 tu, njo akasoma huku akifanya kazi. Diplome ya sekondari alipewa 1962, wakati alikuwa tayari na Nobel ya kemia ya 1954!

Mu 1936, yeye na Alfred Mirsky waliandika kwamba protini ni mnyororo mrefu uliojikunja kwa namna yake maalum. Ukiipasha moto, inajikunjua na kazi yake inaharibika. Tazama ute wa yai kwenye sufuria. Mu 1948, akiwa Oxford, mafua yalimlaza kitandani; akachora mnyororo kwenye karatasi, akaikunja, akapata msokoto unaoitwa alfa. Leo watu wa labo wanapitisha mwanga wa pekee ndani ya protini, juu msokoto ule unaunyonya kwa namna yake. Vile njo wanajua kama protini imejikunja ao imejikunjua.

Turudie damu. Hemoglobini, ile inayobeba hewa mwilini, ina vipande 4 vilivyokunjwa pamoja. Pauling na kikundi chake waliipitisha kwenye umeme: ile ya wagonjwa wa SS ilitembea tofauti na ya wazima. Wazazi wa AS walikuwa na aina zote mbili. Kumbe baba na mama wanaojisikia vizuri kabisa wanaweza kuzaa mtoto wa SS, na kila mimba nafasi ni 1 juu ya 4. Hakuna bibi wa kulaumiwa.

Serikali yake ilimnyima pasipoti 1952. Akaendelea kupinga majaribio ya bomu za atomiki, akapata Nobel ya amani ya 1962. Mu uzee alisifu vitamini C kupita kiasi, na hapo waganga wengi hawakumfuata. Alikufa tarehe 19/8/1994, California, na miaka 93. Kipimo cha umeme kingali kinatumika kutambua AS na SS.