Siku walimu walipofungwa

Kila muhula tunalalamika kwamba mechi zetu za kikapu hazina watazamaji, halafu tunabandika matangazo mengi zaidi. Mimi naona jibu liko kwenye maisha ya yule aliyeuanzisha mchezo wenyewe.

James Naismith alizaliwa Kanada mwaka 1861. Mwaka 1870 alifiwa na wazazi wote wawili. Aliwahi kuacha shule akakata magogo, kisha akarudi kusoma. Desemba 1891, akiwa mwalimu kwenye chuo cha YMCA, Springfield, Marekani, alipewa siku 14 abuni mchezo wa ndani kwa wanafunzi waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya msimu wa baridi. Akapigilia vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13.

Machi 1892 walimu walicheza na wanafunzi wao. Watu kama 200 walijaa. Walimu wakalala 5 kwa 1. Mchezo ulikuwa mgeni kabisa. Naamini watu walivutwa na wachezaji wanaowajua.

Nasema hivyo kwa sababu niliyaona Kyerwa, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mechi za kawaida, uwanja mtupu. Siku walimu tulipocheza na kidato cha tatu, hata majirani waliacha migomba yao wakaja. Nilirusha mpira ukapita juu ya ubao. Walinicheka wiki nzima, ila tangu hapo wakaanza kuniuliza maswali darasani.

Naismith alifariki mwaka 1939. Viongozi wetu wa michezo, matangazo yanatosha. Waleteni wahadhiri uwanjani.