Claude Bernard: Mtunzi wa Tamthilia Aliyefumbua Siri ya Ini

Mnamo mwaka wa 1834, kijana wa Kifaransa mwenye umri wa miaka 21 aliwasili Paris akiwa na mswada wa tamthilia ya kihistoria. Claude Bernard, mwana wa wakulima wa mizabibu kutoka kijiji cha Saint-Julien, alikuwa amechoka kuchanganya dawa katika duka moja la Lyon, na kichekesho chake kimoja kilikuwa kimekwisha kuigizwa huko. Mhakiki Saint-Marc Girardin aliusoma mswada huo, kisha akamshauri atafute riziki katika utabibu. Ni nadra ushauri wa mhakiki kuzaa matunda kiasi hicho.

Chuoni hakung'ara. Nyota yake ilianza kuchomoza mwaka wa 1841 alipokuwa msaidizi wa François Magendie katika Collège de France. Wataalamu wa zama hizo waliamini kwamba mimea pekee ndiyo iundayo sukari, na kwamba kazi ya mnyama ni kuila na kuiteketeza. Mwaka wa 1848 Bernard alikuta sukari katika damu itokayo kwenye ini la mnyama aliyelishwa nyama tupu. Mwaka wa 1855 alipitisha maji katika mishipa ya ini lililotolewa mwilini hadi sukari ikaisha kabisa. Alipolipima tena siku iliyofuata, sukari ilikuwa imerejea. Ini, basi, lilikuwa na ghala. Kufikia mwaka wa 1857 alikuwa ameitenga akiba yenyewe, akaiita glikojeni.

Ghala hilo ndilo humwokoa mkimbiaji. Misuli yake inapoifyonza sukari ya damu kwa pupa, ini huvunja glikojeni na kuijaza damu upya, ubongo usije ukakosa chakula. Mbio zikiisha, ini na misuli hutumia mlo unaofuata kuweka akiba nyingine. Joto nalo lina njia yake. Bernard alipokata neva fulani shingoni mwa sungura, alitarajia sikio lipoe. Badala yake likapata moto, kwa kuwa mishipa ya damu ilikuwa imetanuka. Neva, kumbe, hutawala upana wa mishipa, na ndivyo damu ya mkimbiaji inavyopelekwa kwenye ngozi ili joto litoke na jasho lipoze.

Kutokana na hayo alizua wazo la mazingira ya ndani: seli huishi katika majimaji ambayo mwili huyalinda yasibadilikebadilike, hata hali ya nje iwapo kali. Mmarekani Walter Cannon ndiye aliyeliita jambo hilo homeostasisi mwaka wa 1926.

Gharama ilikuwa kubwa. Wanyama wengi walipasuliwa wakiwa hai, mara nyingi bila ganzi. Fanny Martin, aliyemwoa mwaka wa 1845, ndiye aliyeleta mali iliyogharimia utafiti huo (kwao mahari ilitoka upande wa mke), naye alichukizwa nao mno. Hatimaye walitengana kisheria, na binti zao wawili wakasimama upande wa mama.

Bernard alifariki Paris tarehe 10 Februari 1878, akazikwa kwa heshima za kitaifa ambazo hakuna mwanasayansi wa Ufaransa aliyekuwa amewahi kupewa. Tamthilia yake ilichapishwa mwaka wa 1887.