Maisha ya Leonhard Euler, Bingwa wa Namba

Mwanafunzi wa Mombasa ajua kwamba mwaka wa 1729 ndio Wareno walipotimuliwa Ngome ya Yesu mara ya mwisho. Lakini ni wachache wajuao kuwa mwezi wa Desemba mwaka huohuo, kule mbali Urusi, kijana wa miaka 22 aliandikiwa barua iliyomtia katika mapenzi ya namba. Huyo ndiye nitakayewasimulia.

Leonhard Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, Uswisi. Babake alikuwa mchungaji na alitaka mwanawe afuate nyayo zake, lakini moyo wa kijana ulikuwa kwenye hisabati. Mwaka wa 1727 akahamia St Petersburg kufanya kazi ya elimu.

Barua yenyewe ilitoka kwa rafiki yake, Goldbach. Ilimwuliza habari za namba hizi: 3, 5, 17, 257 na 65537. Toa 1 katika yoyote, zidisha jawabu kwa lenyewe, kisha rudisha 1, wapata inayofuata. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat wa Ufaransa, bingwa aliyefariki mwaka wa 1665, aliamini kuwa hata zinazofuata ni tasa. Nani angembishia mkubwa kama huyo?

Euler alimbishia! Aliichukua ya sita, 4294967297, na mwaka wa 1732 akaonyesha kuwa yagawika kwa 641, jawabu 6700417, bila kubaki kitu. Baadaye alithibitisha kwamba namba tasa yoyote iwezayo kuigawa lazima ibakishe 1 ikigawanywa kwa 64. Basi hakuna haja ya kuhangaika na zote: wajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Mimi nilizijaribu zote tano kwa kalamu tu, nimeketi barazani kwetu Kibokoni, na adhana ya magharibi ikanikuta nimeshamaliza. Kumbe namba ndefu haiumi!

Maisha hayakuwa mteremko kwake. Alipofika miaka 31, jicho la kulia lilikuwa karibu limekwisha. Alikaa Berlin miaka 25, akarudi St Petersburg mwaka wa 1766, na jicho la kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho. Alipasuliwa mwaka wa 1771, lakini wapi! Akawa kipofu. Mwingine angekaa akalia. Yeye alipiga hesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakaandika. Mwaka wa 1772 ikatangazwa kazi yake kuwa 2147483647 ni tasa, na kwa zaidi ya miaka 70 haikujulikana tasa kubwa kuliko hiyo. Alifariki tarehe 18 Septemba 1783.

Wenzangu, tusikubali jambo kwa kuwa tu limesemwa na mwenye jina. Wala tusiseme hesabu ni ngumu kabla ya kushika kalamu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.