Ferrary: Mfalme wa stempu aliyenyimwa mrithi

Katika historia ya ukusanyaji wa stempu, hakuna aliyemfikia Philipp von Ferrary. Alizaliwa Paris mnamo Januari 11, 1850, na aliishi katika jumba la Matignon, ambalo baadaye lilifanywa makao ya Waziri Mkuu wa Ufaransa. Babake, kabaila kutoka Italia, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Ulaya.

Hata hivyo, mwana huyu hakuvutiwa na ukuu. Babake alipofariki mwaka 1876, aliyakataa majina ya heshima ambayo yangekuwa yake. Baadaye alichukua uraia wa Austria, ingawa aliendelea kuishi Paris.

Moyo wake wote aliuelekeza kwenye stempu. Alizunguka Ulaya akinunua, na kumwajiri mtaalamu Pierre Mahé azitunze. Alilipa pasipo kuvutana juu ya bei, jambo lililowanufaisha wauzaji waaminifu na matapeli vilevile. Wapo walioghushi stempu makusudi ili wamuuzie.

Miongoni mwa hazina zake ilikuwa stempu ya Uswidi ya mwaka 1855, iliyochapishwa kimakosa kwa rangi ya manjano badala ya kijani. Nyingine ilikuwa ya senti moja ya Guiana ya Kiingereza ya mwaka 1856, ambayo haina ya pili inayojulikana duniani. Aliyeigundua mwaka 1873 ni mwanafunzi wa miaka 12, Vernon Vaughan, aliyeiuza kwa shilingi sita za Kiingereza. Mwaka 2014 kipande hicho cha karatasi kiliuzwa kwa takriban dola milioni 9.5 za Marekani!

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Ferrary alijikuta raia wa nchi adui ndani ya mji aliozaliwa. Alifariki Lausanne, Uswisi, mnamo Mei 20, 1917. Katika wosia wake aliiachia makumbusho ya posta ya Berlin mkusanyiko wake. Lakini wapiganapo tembo nyasi huumia. Serikali ya Ufaransa iliutwaa na kuuza stempu zake katika minada 14 kuanzia mwaka 1921, na fedha zikahesabiwa kuwa sehemu ya fidia ya vita iliyodaiwa Ujerumani. Kazi ya maisha mazima ikatawanyika.

Wako watakaosema kwamba minada hiyo ilikuwa heri, kwani vilivyofungiwa na mtu mmoja viliwafikia wengi. Kuna ukweli katika hoja hiyo. Lakini kilichopotea ni ule ukamilifu wa mkusanyiko, na hakuna mnada uwezao kuurudisha. Ferrary alikusudia umma unufaike baada yake. Kosa lake ni kuiachia kesho jambo ambalo angaliweza kulianza akiwa hai. Mwalimu anayefungia maarifa kabatini, na mwanafunzi anayemficha mwenzake daftari, wayatafakari hayo. Elimu isiyogawiwa mapema huenda ikakosa wa kuirithi.