Kay Kendall: Nyota wa vichekesho aliyefichwa ugonjwa wake

Waliotazama filamu ya Kiingereza ya Genevieve ya mwaka 1953 huikumbuka zaidi sehemu ya tarumbeta. Mwanamke mrefu, aliyelewa shampeni katika hoteli mjini Brighton, anaomba tarumbeta kwa wanamuziki. Kila mtu anasubiri aaibike. Anapuliza vizuri ajabu, kisha anaketi na kulala fofofo. Sauti ile kwa kweli ilipulizwa na Kenny Baker, lakini kicheko ni cha Kay Kendall peke yake.

Alizaliwa 1927 Withernsea, mji mdogo wa pwani ya Yorkshire, katika ukoo wa wasanii. Bibi yake, Marie Kendall, alikuwa mwimbaji maarufu wa majukwaani. Filamu yake kubwa ya kwanza, London Town ya 1946, iligharimu fedha nyingi ikadoda, na yeye akasota miaka kadhaa. Genevieve, kisa cha mapenzi na ubishi wa wanaume wawili wenye magari ya kale, ndiyo iliyomtoa.

Alipocheza The Constant Husband alipendana na Rex Harrison, ambaye tayari alikuwa na mke, mwigizaji Lilli Palmer. Kisha daktari akamweleza Harrison, si Kay, kwamba Kay ana saratani ya damu na hataishi muda mrefu. Harrison akamweleza mkewe. Palmer akakubali talaka ili mwenzake apate kumuuguza Kay, na mwaka 1957 wawili hao wakafunga ndoa New York. Kay mwenyewe aliambiwa ana upungufu wa damu tu.

Zama hizo madaktari wengi waliwaambia ndugu, wakamwacha mgonjwa gizani. Harrison alifanya hivyo kwa mapenzi, sina shaka. Hata hivyo naona ni vigumu kuikubali siri ambayo mwenye mwili pekee ndiye hakuijua.

Kay aliendelea kuchekesha watu. Les Girls ilimpatia tuzo ya Golden Globe, na 1958 akaigiza na mumewe katika The Reluctant Debutante. Alifariki London tarehe 6 Septemba 1959, akiwa na miaka 32. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka uliofuata.

Baadaye Terence Rattigan alikichukua kisa hicho akaandika tamthilia ya In Praise of Love. Mwaka 1974, huko Broadway, nafasi ya mume ilichezwa na Harrison mwenyewe. Ila katika tamthilia hiyo, mke anaujua ugonjwa wake, naye pia anaficha.