Sam Ntiro: Mchoraji wa Machame Aliyepita London Bila Kuacha Kihamba

Mwaka 1956 kijana mmoja wa Kimachame alichora picha ya rangi za mafuta inayoonyesha wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi wakati wa usiku. Si picha kubwa. Upana wake ni kama nusu mita. Miaka minne baadaye, mwaka 1960, jumba la sanaa ya kisasa la New York, Museum of Modern Art, liliinunua. Ndilo jumba linalotunza kazi za Picasso na Braque, na hata leo mbege ya Kilimanjaro imo katika hazina hiyo.

Mchoraji huyo ni Sam Joseph Ntiro. Alizaliwa Machame mwaka 1923. Kwa sisi tunaoishi miteremko hii, Machame si mbali, ingawa sisi Wakatoliki tumezoea zaidi kuitaja Kilema na Kibosho, kwa kuwa upande ule wa mlima walitangulia Walutheri wa misheni ya Leipzig tangu mwaka 1893. Labda ndiyo sababu jina lake halisikiki sana kwetu. Nililikuta kwa bahati nilipokuwa nasoma habari za Wakubisti kwa ajili ya somo la falsafa ya uzuri, na tangu siku hiyo ameniacha na swali ambalo sijalimaliza.

Katika miaka ya 1940 Ntiro alikwenda Uganda, kwenye Chuo cha Makerere, kusoma sanaa kwa Margaret Trowell. Mama huyu Mwingereza, mke wa daktari, alikuwa ameanza kufundisha sanaa kwenye baraza ya nyumba yake mwaka 1937, na darasa hilo likakua mpaka likawa shule kamili. Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya pekee. Hakupenda kuwawekea wanafunzi chupa na matunda mezani ili wanakili. Aliwasimulia jambo, pengine mfano kutoka Injili, pengine tukio la kijijini, kisha wao walichora walichokiona akilini. Aliogopa kwamba Mwafrika akianza kwa kunakili picha za Ulaya atapoteza jicho lake kabla hajajua kuwa analo.

Tukisema kweli, hofu hiyo ilikuwa na kasoro. Ni mgeni ndiye aliyekuwa anaamua jicho la Mwafrika ni lipi. Lakini ilimfaa Ntiro. Alipomaliza masomo alibaki Makerere akifundisha pamoja na mchongaji Gregory Maloba kutoka Kenya, na mwaka 1952 akaenda London kusoma Slade, moja ya shule za sanaa zenye sifa kubwa Uingereza. Wakati huo Slade ilikuwa chini ya William Coldstream, mtu wa kupima kwa jicho na penseli kila umbali kati ya pua na sikio la anayechorwa.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwenda Paris. Mwaka 1907 Picasso aliingia katika makumbusho ya Trocadéro akaona vinyago vya Afrika. Kuanzia mwaka uliofuata yeye na rafiki yake Georges Braque walianza kuvunja kanuni iliyotawala Ulaya kwa karne nyingi, kwamba mchoraji asimame mahali pamoja na kuonyesha kitu kama kinavyoonekana kutoka hapo tu. Walichukua vitu vya mezani, yaani fidla, chupa, kiko, gazeti, kinara cha mshumaa, wakavionyesha kutoka pande nyingi kwa mara moja, vipande juu ya vipande, kwa rangi za kahawia na kijivu. Njia hiyo ikaitwa Kubisimu, kutokana na maumbo yake ya mchemraba. Wenzangu wa darasa la falsafa wataona mara moja kilichomo ndani yake: ni swali la kama kitu ni kile ninachokiona nikiwa hapa, au ni jumla ya yote yanayoweza kuonekana kwake.

Basi tazama mkanganyiko huu. Wazungu walikuwa wamechukua vinyago vya Kiafrika ili kujikomboa na kanuni zao. Nusu karne baadaye Mwafrika anafika Ulaya, naye anakuta ukombozi huo umeshageuka kuwa kanuni ya pili. Angeweza kuikumbatia. Wasanii wengi wa Afrika wa kizazi chake na cha baada yake waliikumbatia, na wengine kwa mafanikio. Angeweza pia kuwa mpimaji hodari wa pua na masikio kama Coldstream alivyotaka.

Hakufanya yote mawili. Alichora Uchagga. Watu wake ni wadogo, hawana sura za kutambulika, na kivuli ni kidogo. Vilima vinapanda juu ya turubai kimoja nyuma ya kingine, migomba imesimama kwa safu, njia zinapinda katikati ya vihamba. Watu wanalima, wanavuna, wananywesha mifugo, wanabeba. Karibu kila mara wako wengi na wanafanya kazi moja. Nikilinganisha na meza ya Braque naona tofauti kubwa kuliko ya mtindo. Meza ya Braque imeachwa na watu. Chupa iko, mnywaji hayupo. Kwa Ntiro chombo cha mbege hakikai peke yake kikitazamwa. Kuna mtu aliyekibeba, kuna nyumba kinakopelekwa, na kuna ukoo unaokingoja. Mchagga yeyote anajua kwamba mbege ya harusi si kinywaji tu. Ni maneno ambayo ukoo mmoja unauambia ukoo mwingine.

Mambo haya hakuyachora tu. Mwaka 1953, akiwa bado mwanafunzi London, kitabu chake Desturi za Wachagga kilichapishwa Nairobi, kwa Kiswahili. Nadhani aliandika na kuchora kwa sababu moja, na mtu anayeishi katika baridi na moshi wa London miaka ile anaweza kuielewa bila kuelezwa.

Alirudi Makerere kufundisha. Mwaka 1958 Trowell aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, aliyeleta mafunzo ya sanaa ya kisasa ya Ulaya kwa mpangilio rasmi. Njia ya Trowell ikaanza kuonekana ya kizamani. Ntiro hakubadilika. Wala Elimo Njau wa Marangu, mwanafunzi mwingine wa Trowell, ambaye katika kanisa la Murang'a, Kenya, alichora ukutani maisha ya Kristo katikati ya watu na vilima vya Kiafrika.

Mwaka huohuo wa 1958 Ntiro alimwoa Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada Oxford. Huyu anastahili makala yake mwenyewe. Alipokuwa mwalimu Gayaza aliukataa mshahara wake kwa sababu ulikuwa mdogo kuliko wa wanaume wenye kazi ileile.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Tanganyika ilimtuma mchoraji kuwa Balozi wake wa kwanza London. Alikaa huko mpaka mwaka 1964. Braque alifariki Paris mwaka 1963, upande wa pili wa bahari. Baadaye Ntiro alishika uongozi wa utamaduni serikalini, na akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Picha zake zinarudiarudia. Katika Uchagga wake sijaona mtu mwenye njaa, wala ndugu wanaogombania mpaka wa kihamba, na sote tunajua kesi hizo zilivyo nyingi. Wakati wa Ujamaa, watu wake wanaolima kwa pamoja walilingana vizuri mno na siasa ya siku zile, ingawa haki imtendee: alikuwa amewachora hivyo kabla ya Azimio la Arusha. Swali langu ni lile la mafrateri wengi, tunaoshinda na Aristotle na Kant kisha Jumapili tunashuka parokiani. Aliyesoma nyumbani kwa wenzake alilindaje alichokuja nacho? Je, alikilinda kweli, au alikataa tu kukichunguza? Kuna siku naona la kwanza, kuna siku naona la pili.

Ile picha ya mbege sijaiona kwa macho, nimeiona kwenye kompyuta ya maktaba tu. Nilimwita mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Machame, aje aitazame. Aliinama karibu na kioo, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza hiyo mbege inapelekwa kwa akina nani.