Pascal Kabungulu: alifundisha watu haki, kesi yake ikasimama

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2005, watu watatu wenye silaha, wamevaa nguo za jeshi, waliingia kwa nguvu katika nyumba moja ku Panzi, Bukavu. Walimupiga risasi Pascal Kabungulu Kibembi mbele ya bibi yake na watoto.

Vijana wengi wanaosoma leo ku Baraka na Fizi walikuwa hawajazaliwa. Kabungulu alikuwa katibu mutendaji wa Héritiers de la Justice, shirika lililoanzishwa Bukavu mwaka 1991 katika makanisa ya Kiprotestanti. Alikuwa pia makamu wa rais wa LDGL, ligi ya haki za binadamu ya Maziwa Makuu. Ilikuwa miaka mibaya. Ku Makobola, katika teritware ya Fizi, watu zaidi ya 800 waliuawa kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Kuandika ripoti wakati huo ilikuwa kujitafutia kifo, na wao waliandika.

Lakini kazi yao nyingine haikupigiwa kelele: kufundisha raia wa kawaida sheria inasema nini, kusudi wasiogope kila mwenye kofia.

Katiba ya Februari 2006 Kabungulu hakuiona. Kifungu cha 18 kinasema mutu akikamatwa aambiwe mara moja sababu, tena kwa luga anayoelewa. Ana haki ya kujulisha jamaa yake ao avoka. Polisi hawawezi kumushika kuliko saa 48. Zikipita, wamuachilie ao wamupeleke mbele ya sheria. Kisha ikaja sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto: aliye chini ya miaka 14 hahesabiwe kuwa na kosa la jinai, na wa 14 mpaka 18 anahukumiwa na tribinali ya watoto, si ya wakubwa. Ni mambo ambayo kijana aliyekamatwa njiani kuelekea soko angepaswa kuyajua mbele wazazi hawajaanza kuchanga franka za kumutoa kasho. (Na kasho haina bei, sheria haijaiweka popote.)

Kesi ya mauaji yake ilianza Bukavu mwishoni mwa 2005, mbele ya korti ya kijeshi. Ikatumwa Kinshasa, na huko ikasimama. Watoto walioona baba yao akiuawa hawajapata hukumu.

Ku Fizi ilikuwa ingine. Siku ya mwaka mupya 2011, askari walibaka wanawake ku Fizi-centre. Wanawake walikubali kusema. Korti ya kutembea ikaja kukaa Baraka, na mwezi wa Februari, mbele ya macho ya watu, kanali aliyewaongoza askari hao akapewa miaka 20 ya jela.